Pumzi za Watoto wa Ufipa Si Kazi ya Mganga Peke Yake

(Mazungumzo ya mwandishi mbele ya walimu na watumishi wa umma mjini Sumbawanga)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya maradhi ya njia ya hewa, hususan yale yanayowashika watoto wadogo na wagonjwa waliolazwa hospitalini. Napenda kusema tangu mwanzo kwamba mimi si mganga. Kazi yangu ni ya kalamu. Yamkini baadhi yenu mnajiuliza mwandishi wa gazeti ana lipi la kuwaambia walimu, mabwana shamba na makarani juu ya mapafu. Jibu langu ni kwamba ugonjwa huu, kabla haujafika mbele ya mganga, huwa umekwisha kupita mikononi mwa watu wengi wasio waganga, na aghalabu hapo ndipo uhai wa mtoto huamuliwa.

Mwaka 1998 nilikuwa darasa la tatu katika kijiji kimoja cha uwanda huu wa Ufipa. Mwezi wa Julai, baridi ikiwa imekaza, mdogo wangu wa kike mwenye umri wa miezi minane alishikwa na kikohozi. Wakati wa baridi tulikuwa tukilala jikoni, kama walivyolala watoto wa nyumba nyingi, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na moto. Siku ya pili mzee mmoja alisema kimeo cha mtoto kimerefuka. Akaitwa fundi, kikakatwa. Siku ya nne mtoto alikuwa anahema upesi upesi, na kila alipovuta pumzi ngozi ya chini ya mbavu ilibonyea ndani. Alfajiri ya siku ya tano mama alimfunga mgongoni, tukashika njia ya zahanati, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Mimi nilibeba chupa ya uji. Hatukufika. Tulirudi nyumbani kabla jua halijawa kali.

Sisimulii habari hii ili mnionee huruma, maana najua wamo humu ndani walio na habari kama hiyo majumbani mwao. Naisimulia kwa sababu miaka mingi baadaye, nikiwa chuo kikuu, nilisoma kwamba dalili ile tuliyoiona ilikuwa imekwisha kujulikana na kuandikwa tangu miaka ya 1980; kwamba mtu yeyote ajuaye kuhesabu anaweza kuitambua; na kwamba utaratibu wa kuitambua na kuitibu ulikwisha kujaribiwa hapa hapa Tanzania, katika Wilaya ya Bagamoyo. Mimi wakati ule nilijua kuhesabu hadi elfu moja. Hakuna aliyekuwa ameniambia nihesabu nini.

Kuhesabu pumzi

Maradhi ya njia ya hewa ni mengi. Mafua na kikohozi cha kawaida humpata kila mtoto mara kadhaa kwa mwaka, na mengi hupona bila dawa. Lililo la hatari ni homa ya mapafu, ambayo hospitalini huitwa nimonia na ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la kichomi. Katika ugonjwa huu vifuko vidogo vya hewa vilivyomo ndani ya mapafu hujaa maji na usaha, na oksijeni hushindwa kupenya kuingia katika damu. Mwili hujaribu kufidia upungufu huo kwa kuhema haraka. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 ugonjwa huu uliua watoto wapatao 740,000 walio chini ya umri wa miaka 5 ulimwenguni, sawa na asilimia 14 ya vifo vyote vya watoto wa umri huo.

Katika miaka ya 1980 mganga wa watoto aitwaye Frank Shann, akifanya kazi na wenzake huko Goroka, katika nyanda za juu za Papua New Guinea, aliona kwamba hospitali za vijijini hazina mashine za picha za kifua wala maabara za kutosha, na kwamba hata kifaa cha kusikilizia kifua si kila mhudumu anakijua. Walichofanya ni kutazama kifua cha mtoto na kuhesabu pumzi zake. Waliona kwamba mtoto mwenye kikohozi anayehema zaidi ya mara 50 kwa dakika aghalabu ana homa ya mapafu, na yule ambaye kifua chake kinabonyea ndani avutapo pumzi amezidiwa. Kutokana na kazi ya namna hiyo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaotumika hadi leo. Mtoto aliye chini ya miezi 2 akihema mara 60 au zaidi kwa dakika, ni hatari. Wa miezi 2 hadi asiyetimiza mwaka, ni mara 50 au zaidi. Wa mwaka 1 hadi asiyetimiza miaka 5, ni mara 40 au zaidi. Huhesabiwa kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi.

Nchini mwetu, Wilaya ya Bagamoyo ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza duniani kulijaribu jambo hili vijijini. Watafiti Mtango na Neuvians walitoa matokeo yao mwaka 1986. Wahudumu wa afya wa vijijini walifundishwa kuitambua homa ya mapafu na kupewa dawa rahisi ya kuitibu, na akina mama walielezwa dalili zake nyumba kwa nyumba. Katika muda wa miaka miwili vifo vya watoto walio chini ya miaka 5 vilipungua kwa zaidi ya robo. Hapakujengwa hospitali mpya. Kilichoongezwa ni elimu, dawa moja, na watu wa kuifikisha.

Basi jiulizeni, ndugu zangu: elimu iliyopatikana Bagamoyo mwaka 1986 ilikuwa wapi kijijini kwetu mwaka 1998? Sisemi kwamba hakuna kilichofanyika tangu hapo. Uchunguzi wa afya wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini, 147 walifariki kabla ya kutimiza miaka 5. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha 43. Hayo ni maendeleo makubwa, na waliofanya kazi hiyo wanastahili shukrani. Lakini 43 si idadi ya kutufanya tulale, na ni wajibu wetu kuwatazama watoto hao waliobaki na kuuliza ni mambo gani yanayowaweka katika hatari.

Baridi na moshi

Watu wengi wa Ufipa watakwambia kwamba kinacholeta kichomi ni baridi. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na anayepanda kutoka bonde la Ziwa Rukwa au kutoka Kasanga mwezi wa Juni hujua tofauti mara moja. Lakini baridi yenyewe haina vijidudu. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2019, uliofanyika katika nchi saba zikiwamo Kenya kule Kilifi na Zambia kule Lusaka, ulionyesha kwamba homa kali za mapafu za watoto wasio na virusi vya Ukimwi, kwa sehemu kubwa, hutokana na virusi, na kwamba kirusi kimoja kiitwacho RSV peke yake kilihusika na karibu theluthi moja ya wagonjwa hao. Bakteria nao wamo, na hao ndio tunaowamudu kwa dawa. Vijidudu hivi hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Kazi ya baridi ni kutukusanya sote katika chumba kimoja, kufunga madirisha, na kutufanya tukoke moto ndani. Hapo mwenye kikohozi mmoja huwapa wote.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Katika kimo cha Sumbawanga, oksijeni inayopatikana katika kila pumzi ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko pwani. Mtu mzima mwenye afya hazoei taabu kwa jambo hilo. Lakini mtoto ambaye sehemu ya mapafu yake imejaa usaha hufikia ukingo mapema kuliko mwenzake wa Kirando aliye kando ya ziwa. Kwa hiyo siku moja ya kuchelewa huku juu ina uzito mkubwa zaidi.

Sasa tuje kwenye moshi. Sehemu kubwa ya uwanda wetu ni nyasi, na miti imeadimika. Kuni nzuri zikikosekana, mabua na magunzi huingia jikoni, na hayo hutoa moshi mwingi kwa moto mdogo. Chembe ndogo sana zilizomo ndani ya moshi huingia mpaka ndani ya mapafu na kudhoofisha ulinzi wake dhidi ya vijidudu. Moshi wa sigara hufanya vivyo hivyo, na baba anayevuta ndani ya nyumba yenye mtoto mchanga asijidanganye kwamba anajidhuru yeye tu. Uchunguzi uliofanywa baadaye kule kule Bagamoyo juu ya watoto waliofariki uliona kwamba mtoto anayelala katika chumba kinachopikiwa alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa kuliko asiyelala humo.

Yatupasa hapa tuwe wakweli, maana tumezoea kuahidi kwamba kitu kimoja kitamaliza tatizo. Nchini Malawi, katika wilaya za Chikhwawa na Karonga, na hii Karonga ni ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Kyela, watafiti waligawa majiko yanayotoa moshi kidogo na kuwafuatilia watoto zaidi ya 10,000. Matokeo yalipotolewa mwishoni mwa mwaka 2016, homa ya mapafu haikuwa imepungua. Jaribio jingine la majiko ya gesi katika nchi nne, Rwanda ikiwa mojawapo, nalo halikuonyesha kupungua kwa homa kali ya mapafu kwa watoto wachanga. Je, maana yake ni kwamba moshi hauna madhara? La hasha. Maana yake ni kwamba mtoto hudhurika kwa mambo kadhaa kwa pamoja, na kwamba jiko jipya ndani ya nyumba ile ile, penye takataka zinazochomwa uani na jirani anayepika kwa kuni, haliwezi kubeba mzigo wote peke yake.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Ni lengo jema, kwa afya ya akina mama na kwa miti yetu. Lakini mtoto atakayezaliwa wiki ijayo hawezi kungoja mwaka 2034. Kwake yeye liko jambo ambalo halina gharama kubwa: asilale jikoni. Apate blanketi na kofia, alale na mama yake katika chumba kisichopikiwa, na ukuta wa jiko utobolewe tundu la kutolea moshi karibu na paa. Fundi yeyote wa matofali hapa Ufipa aweza kuifanya kazi hiyo kwa asubuhi moja.

Ghala limejaa, sahani ina upungufu

Mkoa wa Rukwa kwa miaka mingi umehesabiwa miongoni mwa mikoa mikuu ya kulisha taifa hili mahindi. Tunajivunia sifa hiyo, na ni haki yetu. Lakini uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika mkoa huu asilimia 56 ya watoto walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, idadi kubwa kuliko ya mkoa wowote mwingine nchini, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 34. Mwaka 2022 tulikuwa tumeshuka hadi asilimia 50, wastani wa taifa ukiwa 30. Yaani mtoto mmoja kati ya kila wawili katika mkoa unaouza magunia kwa magunia.

Mtaniuliza, udumavu na kifua vina uhusiano gani? Mtoto asiyelishwa vema hana askari wa kutosha mwilini. Misuli yake ya kuvutia pumzi ni dhaifu, na vijidudu ambavyo mwenzake angevishinda kwa siku tatu humlaza yeye kitandani. Udhaifu huo huanza mapema. Mama mjamzito anayelima matuta mpaka mwezi wa mwisho kwa kula ugali na mboga chache huzaa mtoto mwenye uzito mdogo, na mtoto wa namna hiyo huingia duniani akiwa tayari katika hatari. Kisha akipewa uji na maji akiwa na miezi miwili, kwa sababu mama ameitwa shambani, hunyimwa kinga iliyomo katika maziwa ya mama, ambayo yangemtosha yenyewe mpaka miezi sita.

Wala hatuwezi kusema kwamba chakula hakipo. Maharage tunayo, karanga tunazo, ulezi ni wa jadi yetu, dagaa na migebuka ya Ziwa Tanganyika huletwa mpaka sokoni hapa mjini. Linalokosekana ni mpango wa nyumbani na muda wa mama. Ndugu zetu wa Iringa walitupa mfano. Kati ya mwaka 1983 na 1988, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, vijiji vilipima uzito wa watoto kila baada ya miezi michache, na serikali za vijiji zikakaa kitako kujadili kila mtoto aliyepungua: kwa nini, na nani atafanya nini. Utapiamlo mkali ulishuka kutoka karibu asilimia 6 hadi karibu asilimia 2. Waliojadili walikuwa wananchi wenyewe pamoja na watendaji wao.

Tangu mkataba wa lishe uliotiwa saini na wakuu wa mikoa mwaka 2017, halmashauri zimeelekezwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 5. Ninyi mlio katika ofisi za mipango na fedha mnajua tofauti iliyopo kati ya fedha iliyotengwa na fedha iliyotolewa. Naomba kila mmoja aliye karibu na kitabu hicho akitazame kwa macho ya mzazi. Shilingi 1,000 si nyingi. Lakini ikibaki katika karatasi haimfikii mtoto hata kidogo.

Chanjo na imani

Mwaka 2009 nchi yetu ilianza kutoa chanjo inayokinga magonjwa matano kwa pamoja, ikiwamo bakteria mmoja anayeleta kichomi na homa ya uti wa mgongo. Mwishoni mwa mwaka 2012 ikazinduliwa chanjo ya kuzuia nimonia, ambayo mtoto huipata akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Mdogo wangu hakuzikuta. Watoto wa leo wanazo, na hutolewa bila malipo. Surua na kifaduro, ambavyo navyo huua kwa kushambulia mapafu, vina chanjo za siku nyingi zaidi. Hata hivyo mtoto aliyepata dozi ya kwanza akaikosa ya tatu hana kinga kamili, na wanaoikosa aghalabu ni watoto wa vitongoji vya mbali, ambako mvua za masika hukata njia. Hali kadhalika, mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi vya Ukimwi apimwe mapema, akiwa na wiki 6, kwa sababu homa ya mapafu ndiyo humtangulia asiyejulikana hali yake.

Nimetaja kimeo, na sitaki kulipita jambo hilo kimya. Jina la mji huu, kama wazee wanavyolieleza, maana yake ni tupa uchawi. Ni jina zuri la kuishi nalo. Lakini bado wapo wanaoona mtoto anahema kwa shida wakasema amerogwa, au ana degedege, au kimeo kimemzidi, au ameota meno ya plastiki yanayopaswa kung'olewa. Kukata kimeo hakutibu homa ya mapafu. Humtia mtoto kidonda kooni, humwaga damu ambayo hana ya kuchezea, humzuia kunyonya, na zaidi ya yote hula siku mbili au tatu ambazo ndizo zilikuwa za kumwokoa. Nasema haya bila kuwadharau wazee. Mzee aliyetushauri sisi alimpenda yule mtoto, naye alilia tuliporudi. Alitumia elimu aliyokuwa nayo. Aliyekuwa na elimu bora hakuwa amemfikia.

Ndani ya wodi

Sasa niseme juu ya wagonjwa waliolazwa. Wananchi huamini kwamba ukishafika hospitalini umeokoka, na mara nyingi ni kweli. Lakini ulimwengu mzima umejifunza kwamba hospitali nayo yaweza kumpa mgonjwa ugonjwa asioingia nao, na homa ya mapafu ni mmojawapo. Walio hatarini zaidi ni watoto njiti, wazee, aliyepatwa na kiharusi, aliyetoka kupasuliwa, asiye na fahamu, na yule anayepumulia mashine.

Visababishi vyake havina fumbo. Kwanza ni mikono. Muuguzi au ndugu anayetoka kumhudumia mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine bila kunawa hubeba vijidudu kama mtu anayebeba barua. Wakati wa UVIKO-19, ambao uligunduliwa nchini mwezi Machi mwaka 2020, tuliona ndoo na vibuyu chirizi vimewekwa kila mlango. Leo vingapi vina maji? Pili ni msongamano. Watoto wawili katika kitanda kimoja, mmoja ana kuhara na mwingine kifua, kesho yake wote wawili wana maradhi mawili. Tatu ni hewa. Uchunguzi uliofanyika Lima, nchini Peru, na kutangazwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba wodi za zamani zenye dari refu na madirisha makubwa yaliyofunguliwa zilibadilisha hewa vizuri kuliko vyumba vya kisasa vyenye mitambo. Hapa kwetu madirisha tunayo, lakini kwa sababu ya baridi huwa tunayafunga kutwa. Afadhali mgonjwa aongezewe blanketi na dirisha la upande mmoja likaachwa wazi, kuliko wodi nzima kuvuta hewa ya mwenye kifua kikuu ambaye bado hajapimwa.

La nne linatuhusu sisi tunaouguza. Katika hospitali zetu ndugu ndio wanaolisha wagonjwa. Mgonjwa wa kiharusi aliyelala chali akinyweshwa uji kwa nguvu, uji huo waweza kwenda mapafuni badala ya tumboni, na baada ya siku mbili homa huanza. Mgonjwa akalishwe ameinuliwa kichwa na kifua, taratibu, na asiyeweza kumeza asilishwe mpaka muuguzi ameulizwa. Kinywa chake kisafishwe kila siku, kwa maana vijidudu vya kinywa ndivyo vinavyoteremka kifuani. Aliyepasuliwa aketi, akohoe na kutembea mapema kadiri mganga anavyomruhusu. Na mwenye mafua asiende kumtazama mtoto mchanga wodini, hata akiwa shangazi yake.

Tano ni matumizi mabaya ya dawa. Uchunguzi wa watoto waliokuwa na bakteria katika damu, uliofanyika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2001 na 2002, ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja yao walifariki, na hatari ilikuwa kubwa zaidi pale bakteria walipokuwa sugu kwa dawa walizopewa. Kila mara tununuapo vidonge vitano dukani kwa mafua ya kawaida, au tuachapo dozi katikati kwa kuwa homa imeshuka, tunawafundisha bakteria kuzizoea dawa zile zile ambazo wodi itazihitaji kesho.

Linalotupasa

Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kusikiliza redio, kusoma vijitabu, kujadiliana, kisha kwenda kuchimba vyoo na kusafisha vijiji vyao. Mwaka 1975 ikafuata ya Chakula ni Uhai. Nyakati zimebadilika, na simu imeingia kila mfukoni. Lakini siri ya kampeni zile ilikuwa kwamba elimu haikuachwa ofisini. Ilikuwa na mtu wa kuipeleka, na mtu huyo mara nyingi alikuwa mwalimu.

Kwa hiyo nina maombi machache. Walimu, katika somo la hisabati au la sayansi, wafundisheni watoto kuhesabu pumzi za mwenzao aliyetulia kwa dakika moja, kisha waandikeni ubaoni zile namba tatu, 60, 50 na 40, pamoja na dalili ya kifua kubonyea. Waambieni kwamba mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata kifafa au aliyelegea bila fahamu haulizwi pumzi ngapi. Anapelekwa mara moja. Maafisa ugani, mnapokwenda kuzungumzia mbegu na mbolea, ongezeni sentensi mbili juu ya maharage ya mtoto. Watendaji wa vijiji na kata, wekeni uzito wa watoto katika ajenda ya mkutano, kama walivyofanya Iringa, na mpangeni mapema nani mwenye pikipiki atakayeamshwa usiku mtoto akizidiwa. Waganga na wauguzi, mkimpokea mama aliyechelewa, msianze kwa kumfokea. Mama aliyefokewa mara moja, mara ya pili huchelewa zaidi.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Kikohozi cha mtoto ni mwiba tuliouzoea, ndiyo maana tunaudharau. Katika madarasa yenu, ndugu walimu, kesho asubuhi kutakuwa na mtoto wa darasa la tatu ambaye ana mdogo wake nyumbani, na mwezi wa Julai unakuja kila mwaka. Mtoto huyo tayari anajua kuhesabu. Mwambieni ahesabu nini.